UZI: Watetezi wa haki Uganda, mbona heshima huja baada ya mazishi? (michezo, falsafa na siasa)

Mwana wa Kibuli (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio Kampala, mlio mipakani na mlio ughaibuni.

Kila tarehe 16 Februari nchi yetu hufunga kazi kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa enzi za Idi Amin. Kila Septemba majaji na mawakili hukusanyika kwa mhadhara wa kumkumbuka Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka. Wanastahili, na atakayekuja hapa kuwabeza nitakuwa wa kwanza kumjibu. Kinachoniuma ni kwamba hapa kwetu mtetezi wa haki hupewa heshima akishazikwa, au akishapotea kabisa kama Kiwanuka, ambaye hata mwili wake haukupatikana. Akiwa hai tunamwachia mzigo aubebe peke yake. Tunamtazama akipelekwa gereza la Luzira, au akivuka mpaka na begi moja, na sisi tunarudi kwenye shughuli zetu.

Nimechanganya michezo, falsafa na siasa kwa makusudi, maana kila upande nikiutazama nakuta mambo ni yaleyale.

Mfano wangu mkubwa ni Annet Negesa. Wengi humu hata jina hamlijui, na hilo lenyewe linasema kitu. Mwaka 2012 alikuwa na miaka 20, mkimbiaji wetu wa mita 800, anajiandaa kwenda Olimpiki ya London. Akaambiwa haendi: vipimo vimeonyesha mwili wake una testosteroni nyingi kuliko kiwango kinachotakiwa kwa wanawake. Mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji hapahapa Kampala. Amesimulia mwenyewe kwamba alidhani ni jambo dogo, mambo ya sindano, akaja kuamka na kukuta amechanwa tumboni. Hakuelezwa sawasawa ameondolewa nini na mwili wake utakuwaje baadaye. Mbio zake hazikurudi tena zilivyokuwa. Shirikisho la riadha la dunia limekana kuhusika na upasuaji ule.

Angeweza kunyamaza. Wengi wangemshauri anyamaze. Mwaka 2019 akakaa mbele ya kamera za televisheni ya Ujerumani, kwa jina lake na sura yake, akasema yote. Fikirini msichana aliyelelewa kwetu, anavyofundishwa kuficha mambo ya mwili wake hata kwa shangazi, asimame mbele ya dunia nzima aseme hivyo. Mimi sioni ujasiri mkubwa kuliko huo katika historia ya michezo ya nchi hii. Kufikia mwisho wa mwaka ule Ujerumani ikampa hifadhi, na huko ndiko yalikohamia maisha yake.

Sasa mlinganisheni na Caster Semenya wa Afrika Kusini. Kesi yake ni ya aina hiyohiyo, ya homoni na haki ya mwanamke kukimbia na mwili aliozaliwa nao. Aliposhindwa mwaka 2019 katika mahakama ya usuluhishi wa michezo kule Uswisi, serikali ya nchi yake na chama chake cha riadha walikuwa upande wake, hadharani. Akaendelea mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na Julai 2025 jopo kuu la mahakama hiyo likasema Uswisi haikumpa usikilizwaji wa haki. Kanuni za riadha hazikufutwa, zipo na zimekazwa zaidi. Lakini mwanamke yule hakusimama peke yake hata siku moja. Negesa sisi tulimpa nini? Nani katika viongozi wetu wa michezo alimpokea na kusema huyu ni mtoto wetu?

Swali la uzi ni hili: nitajieni mtu aliyesimamia haki, awe uwanjani, awe darasani, awe kwenye siasa, ambaye watu walisimama naye akiwa bado anapumua. Mkiwa na mifano ya kunipinga nitaipokea kwa furaha.

---

Mtu wa Lira

Mleta mada, umegusa kidonda. Kwetu Lango kidonda hicho kina jina: John Akii-Bua.

Vijana wanajua ile mbio tu. Munich, Septemba 1972, mita 400 kuruka viunzi. Kapangiwa leni ya kwanza, ya ndani kabisa, yenye kona kali, ambayo hakuna mruka viunzi anayeiombea. Akamaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kushuka chini ya sekunde 48 kabla yake. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda.

Kisichosimuliwa ni kilichofuata. Wakati dunia inampigia makofi, watu wa Lango na Acholi walikuwa wakiuawa ndani ya kambi za jeshi la nchi hiyohiyo aliyoiletea dhahabu. Akawa bingwa anayeonyeshwa kwa wageni na mtu wa kabila linalowindwa, yote kwa mpigo. Amin alipoanguka 1979 alikimbilia Kenya na familia yake, bingwa wa Olimpiki akawa mkimbizi kambini. Waliomtoa kule ni watu wa Puma, kampuni ya viatu ya Ujerumani, waliomkumbuka kutoka Munich. Baadaye alirudi nyumbani, akafanya kazi katika polisi, akafundisha vijana riadha. Alifariki 1997 akiwa na miaka 47.

Na hapo ndipo alipopewa mazishi ya kitaifa. Jeneza likapata bendera na saluti. Sina la kuongeza juu ya hoja yako.

---

Mpita Njia

Naomba nitofautiane. Akii-Bua alikuwa mwanariadha, hakuwa mtetezi wa haki. Alikimbia, akashinda, akapata matatizo ya nchi kama kila mtu. Nyinyi ndio mnamtwika siasa. Michezo ibaki michezo. Mwanamichezo akianza kuinua ngumi na kuvaa vitambaa, anawagawa mashabiki wake mwenyewe.

---

Mtu wa Lira

Ndugu yangu Mpita Njia, siasa ilimfuata Akii-Bua mpaka Montreal, yeye hakuiita. 1976 nchi za Afrika zilisusia Olimpiki. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa inazunguka Afrika Kusini ya makaburu, wiki chache tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi mwezi Juni, na kamati ya Olimpiki ikakataa kuifungia New Zealand. Afrika ikasema basi tunaondoka. Uganda ikawa miongoni mwa walioondoka. Akii-Bua hakupata kukutana na Edwin Moses, Mmarekani aliyeshinda mbio zile na kuivunja rekodi yake.

Mimi naamini ule mgomo ulikuwa wa haki kabisa, na makaburu waliusikia. Ila angalia aliyeutangaza na aliyeulipia. Serikali ya Amin ilidai haki kwa watu wa Soweto Julai 1976, na Februari iliyofuata Askofu Mkuu Luwum akauawa. Akii-Bua alilipa kwa haki ya wengine na yeye mwenyewe hakuwa na wa kumtetea nyumbani kwake.

---

Mama wa Busia

Shikamooni wakubwa, vijana habari zenu. Nipo mpakani nauza, nasoma uzi huu wateja wakipungua.

Kwa Mpita Njia kwanza, juu ya ngumi. Mexico, Oktoba 1968: Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi zenye glavu nyeusi kwenye jukwaa la mita 200 kwa ajili ya watu weusi wa Marekani, wakafukuzwa kijiji cha Olimpiki. Watu humsahau yule Mzungu wa Australia aliyekuwa wa pili, Peter Norman. Hakuinua mkono, alibandika tu beji ya haki za binadamu kifuani kuwaunga mkono wenzake. Kwao hakupata shukrani. Bunge la Australia lilimwomba radhi mwaka 2012, wakati alishakufa tangu 2006. Kwa hiyo mleta mada, ugonjwa huu si wa Uganda peke yake. Lakini waliobeba jeneza lake ni nani? Smith na Carlos, miaka 38 baada ya Mexico. Alisimama nao na wao hawakumwacha, hata kama nchi yake ilimwacha.

Halafu Muhammad Ali, maana najua mtamleta. Aprili 1967 alikataa kwenda jeshini kwa vita vya Vietnam, wakamnyang'anya ubingwa, na ilichukua mpaka Juni 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani kumfutia hatia. Miaka yake bora ya ulingoni ilikwenda hivyo. Lakini 1980 Rais Carter alimtuma huyohuyo Ali aje Afrika kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Alipofika Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere alikataa kumwona, na waandishi wakamuuliza Marekani ilikuwa wapi Afrika iliposusia 1976. Ali alikiri kwamba hakuwa ameambiwa habari hiyo. Nalisema hili kwa kumpenda. Mtu aliyesimama peke yake dhidi ya serikali yake anaweza kuja kutumwa na serikali hiyohiyo, kama hana watu wa karibu wa kumweleza ukweli.

Sasa nakujibu swali lako, kwa mfano wa walio hai. Oktoba 2021 Agnes Tirop, mkimbiaji wa Kenya, aliuawa nyumbani kwake Iten. Wanariadha wenzake hawakuishia kwenye rambirambi. Waliunda Tirop's Angels, kundi la kuwasaidia wanawake wanaopigwa na kutishwa, watoke mapema kabla hayajawa msiba. Nadhani ndicho unachokitafuta.

Hata hivyo hakikutosha. Septemba 2024 tulimzika Rebecca Cheptegei pale Bukwo. Alikuwa ametoka kukimbia maratoni ya Olimpiki ya Paris mwezi uliotangulia. Mwanamume aliyekuwa mpenzi wake alimmwagia petroli na kumchoma, upande wa Kenya, katika mgogoro wa kiwanja na nyumba, akafia hospitali Eldoret siku nne baadaye. Alizikwa kwa heshima za kijeshi kwa sababu alikuwa askari wa UPDF, jeshi letu la Uganda. Paris ikasema itaita uwanja wa michezo kwa jina lake. Nasoma hayo ya saluti na majina ya viwanja, nabaki najiuliza kwa nini mwanamke anayeogopa nyumbani kwake hana pa kukimbilia mpaka afe.

---

Mwana wa Kibuli

Mama, shikamoo. Kundi la Iten nimelipokea, ni jibu la kweli, na nilikuwa sijalitazama kwa upande huo. Wenzake walio hai walisimama kwa ajili ya wengine walio hai. Hebu tusikie na upande wa sheria.

---

Wakili wa Mbarara

Nimeingia kwa sababu ya Kiwanuka, maana naona anatajwa kama picha ya ukutani tu.

Benedicto Kiwanuka aliongoza serikali ya kwanza ya ndani kabla ya uhuru, 1961 hadi 1962. Obote akamweka kizuizini mwaka 1969. Amin alipopindua 1971 akamtoa na kumfanya Jaji Mkuu. Mtu aliyetolewa kifungoni na rais anaelewa deni analodaiwa. Septemba 1972 likaletwa mbele yake ombi la kuachiwa Daniel Stewart, mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa ameshikwa na wanajeshi bila utaratibu. Kumbukeni hali ya mwezi ule: Waasia wamepewa siku 90 waondoke, Waingereza wanatukanwa redioni kila siku, waasi wamevamia kutokea Tanzania. Hukumu rahisi ilikuwa kumwacha Mzungu yule palepale. Kiwanuka akaamuru aachiwe, na akasema wanajeshi hawana mamlaka ya kukamata watu namna ile. Tarehe 21 Septemba walimfuata mahakamani, mchana kweupe, wakamtoa ofisini mwake. Hakuonekana tena.

Mtu ambaye Kiwanuka alimtetea hakuwa ndugu yake wala wa chama chake. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaambia mawakili wadogo.

Sasa sogeeni hadi 31 Januari 2025. Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Kabaziguruka, ikaamua kwamba raia hawapaswi kushtakiwa katika mahakama ya kijeshi. Miaka 52 baada ya Kiwanuka, swali ni lilelile: jeshi lina mamlaka gani juu ya raia? Wakati hukumu inasomwa, Dakta Kizza Besigye, kiongozi wa upinzani, alikuwa ndani, baada ya kutekwa Nairobi Novemba 2024 na kuletwa mbele ya mahakama ya kijeshi Makindye. Na wakili wake mmoja, Eron Kiiza, alikuwa anatumikia kifungo cha miezi tisa alichopewa na mahakama hiyohiyo tarehe 7 Januari, eti kwa kuidharau. Alikwenda kumtetea mtu, akarudi gerezani yeye.

Hapa namjibu mleta mada. Kiiza hakuachwa. Mawakili wenzake walikwenda mahakamani kwa niaba yake, na Aprili akapewa dhamana. Wakili Martha Karua alivuka kutoka Kenya kuja kumtetea Besigye, akanyimwa kibali mara ya kwanza, akaomba tena. Hawa ni watu waliosimama na mtu aliye hai, na mimi nimewaona makoridoni wakikimbia na mafaili.

Kwa uaminifu niseme na lililofuata: Bunge likapitisha marekebisho ya sheria ya jeshi mwezi Mei, Juni yakawa sheria, na mlango wa kuwapeleka raia mahakama ya kijeshi ukafunguliwa upya. Kwa hiyo tukikutana Septemba kumsifu Kiwanuka kwenye ukumbi wenye viyoyozi, lazima tuulizane hukumu yake ya 1972 tumeifanyia nini.

---

Mwalimu wa Arua

Wakili, ahsante. Uliyoyaandika nitayatumia darasani, ukiniruhusu.

Mimi nibebe upande wa falsafa, ambao naona watu wanauogopa wakidhani ni wa Wagiriki tu. Sisi tuna mtu mmoja aliyebeba yote matatu ya kichwa cha uzi: Okot p'Bitek. Alikwenda Uingereza mwaka 1956 kama mchezaji wa timu ya taifa ya mpira. Timu iliporudi yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, anthropolojia Oxford. Kule Oxford akawagomea walimu wake mbele ya darasa walipowaita watu wa Afrika washenzi na watu wa porini. Baadaye akaandika kwamba wamishonari na wataalamu wa Ulaya waliivika miungu ya Kiafrika nguo za Kigiriki ili waweze kuitambua. Hiyo ni falsafa, tena ya ugomvi wa haki: nani ana haki ya kusema sisi tunaamini nini?

Akarudi, akaongoza Jumba la Sanaa la Taifa pale Kampala. Akaikosoa serikali akiwa safarini Zambia, akapoteza kazi. Miaka yote ya Amin aliishi nje, Kenya zaidi. Makerere ilimpa uprofesa 1982, na mwaka huohuo akafariki. Mleta mada, hesabu mwenyewe walimchelewesha miaka mingapi.

Na kwa wasomaji wa Kiswahili, msisahau kijana wa Mombasa aliyekuwa profesa pale Makerere, Ali Mazrui. Enzi za Obote wa kwanza alipanda jukwaani pale ukumbi wa jiji Kampala kujadiliana hadharani na Akena Adoko, mkuu wa usalama, juu ya nafasi ya wasomi katika Afrika. Mkuu wa usalama! Leo ni nani angekaa jukwaa moja na mtu wa namna hiyo akampinga kwa hoja, watu wakisikiliza? Zama hizo ndizo zilizomweka ndani Rajat Neogy, mwanzilishi wa jarida la Transition, pamoja na Abu Mayanja, mwaka 1968, kwa barua iliyohoji kwa nini majaji Waafrika hawateuliwi. Mazrui mwenyewe aliondoka 1973, chini ya Amin.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi, ambalo huwa halitajwi. Ni la wasomi wawili wa Makerere, Mahmood Mamdani na Stella Nyanzi.

Mamdani alikulia Kampala. 1965, akiwa mwanafunzi Marekani, alikwenda Alabama kuandamana na watu weusi, akatupwa mahabusu. Alipompigia simu balozi wa Uganda, akaulizwa kwa nini anaingilia mambo ya ndani ya nchi ya watu. Akajibu kwamba ni mapambano yaleyale ya uhuru, uhuru ambao Uganda ilikuwa imeupata juzi tu. 1972 akafukuzwa na Amin kwa kuwa Mwasia. Miaka ya 1980 Obote akamvua uraia. Alirudi kila mara. Mtu huyo hana wa kumfundisha dhuluma ni nini.

Na ni yeye aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti ya Makerere mwaka 2016, ofisi ya Nyanzi ilipofungwa kwa kufuli kwa sababu alikataa kufundisha katika programu ya uzamivu, akisema aliajiriwa kama mtafiti. Nyanzi akavua nguo mbele ya kamera. Watu wakagawanyika mpaka leo. Nimewasikia wote wawili kwa makini, na ninavyoona mimi mwanamke yule alikuwa na madai ya kusikilizwa kabla ya kufuli, na mkurugenzi alikuwa na haki ya kutaka watu wafundishe. Lakini kufuli ni lugha ya mwenye nguvu. Mtu aliyefungiwa milango maisha yake yote, nilitarajia angekuwa wa mwisho kumfungia mwingine. Hilo halimwondolei Mamdani heshima yake, na hapo nawapinga wanaosema limeifuta.

---

Mpita Njia

Mwalimu, hapo kwa Nyanzi umeniacha. Kutukana wazee wa watu na kuvua nguo ndiyo kutetea haki? Alimtukana rais kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Sisi tuna adabu zetu.

---

Mama wa Busia

Mdogo wangu, turudi kwenye chanzo. Kwenye kampeni za uchaguzi wa 2016 wasichana wa shule waliahidiwa pedi. Mwaka uliofuata Wizara ya Elimu ikasema pesa hakuna. Nyanzi akachangisha fedha kwa watu, akanunua pedi, akazipeleka mashuleni mwenyewe. Aprili 2017 wakamkamata kwa yale maneno, akakaa Luzira siku 33. Mwaka 2019 wakamfunga miezi 18 kwa shairi, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikamwachia. Sasa yuko Ujerumani, nchi ileile iliyompokea Negesa.

Mimi nimelea mabinti. Najua mtoto anayekosa shule wiki nzima kila mwezi kwa kukosa kitambaa cha kujistiri. Maneno ya Nyanzi nisingeyasema mimi, na wanangu wakiyasema nitawakanya. Lakini adabu inayokasirishwa na neno na haikasirishwi na ahadi iliyovunjwa kwa mtoto wa kike, hiyo siitambui. Wakati ule tulikuwa wengi tuliopokea pedi zake, na alipokamatwa tuliojitokeza tulikuwa wachache.

---

Mpita Njia

Mama, la pedi nimelikubali. La matusi bado nabaki nilipo.

---

Mzee wa Bombo

Wanangu, nimesoma tangu asubuhi. Mmeandika kwa heshima, nami nitasema kwa heshima.

Mimi ni Mnubi, wa jamii inayohusishwa na jeshi la Amin. Kila Amin anapotajwa, na ametajwa sana humu, macho hugeuka kwetu. Waliouawa nawaombea: Askofu Luwum, mawaziri Oryema na Oboth Ofumbi waliokufa naye, Jaji Kiwanuka, na wengi wasio na majina. Aliyeua lazima aitwe muuaji, awe wa kabila langu au la mwingine.

Lakini baada ya 1979 nani alisimama na Mnubi fundi cherehani, na Mlugbara mkulima, ambao hawakuwahi kushika bunduki? Watu wetu walikimbilia Sudan na Zaire. Nyumba zao zikachukuliwa kwa sababu ya lugha wanayoongea na msikiti wanaosali. Juni 1981 pale Ombaci, karibu na Arua, raia walikuwa wamekimbilia kwenye misheni ya Wakatoliki, wanajeshi wa serikali wakawafuata humohumo wakawapiga risasi. Mapadri wa Comboni walikuwa pale pamoja nao. Hawakuwa watu wa dini yangu. Wangeweza kuondoka kabla, wakabaki na watu.

Mleta mada umeuliza nani alisimama na walio hai. Nakupa hao. Na nakuongezea swali moja: ni rahisi kumtetea mtu ambaye dunia inamhurumia. Kiwanuka alimtetea Mwingereza wakati Waingereza wanachukiwa. Mapadri wale walikaa na watu wa West Nile, upande wa Arua, wakati kila mtu anasema wanastahili kulipizwa kisasi. Mtetezi wa haki mimi namtambua hapo, kwa mtu anayechagua kumtetea.

---

Mwana wa Kibuli

Mzee, shikamoo, na ahsante sana. Ombaci nilikuwa nimeisikia kwa mbali tu, shuleni hatukufundishwa.

Umenifanya niutazame uzi wangu upya. Nilianza kwa kuuliza kwa nini watetezi wanaachwa peke yao. Nikiwapanga wote waliotajwa, naona walioachwa peke yao zaidi ni wale waliomtetea mtu asiyependwa, au ambao wao wenyewe walikuwa wa kundi lisilopendwa: mwanamke ambaye mwili wake unatiliwa shaka, mtu wa Lango chini ya Amin, Mwasia wa 1972, mwanamke mwenye mdomo mkali. Luwum leo anakubalika na kila mtu, hata na wale ambao angewaandikia barua ileile aliyomwandikia Amin yeye na maaskofu wenzake. Negesa hajakubalika bado.

Nimeona pia mifano yenu ya kunijibu: wanariadha wa Iten, mawakili wa Kiiza, mapadri wa Ombaci. Niongeze mmoja niliyemkumbuka. Feyisa Lilesa wa Ethiopia alikunja mikono juu ya kichwa alipomaliza wa pili kwenye maratoni ya Rio 2016, kwa ajili ya Waoromo waliokuwa wanauawa. Akabaki uhamishoni Marekani. Oktoba 2018 akarudi Addis Ababa na kupokelewa kwa heshima, akiwa hai, na familia yake ikimwona. Mabaya mengi yameipata Ethiopia baada ya hapo, lakini siku ile ilitokea.

Wakili, nina swali la kisheria. Negesa akitaka leo kudai haki yake hapa nyumbani kwa upasuaji ule wa 2012, muda umeshapita au bado kuna mlango?

---

Wakili wa Mbarara

Madai ya kawaida ya fidia yana ukomo wa muda, na miaka mingi imepita, kwa hiyo njia hiyo ni ngumu. Njia ya katiba ni tofauti. Ibara ya 50 inamruhusu mtu yeyote, au hata shirika, kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine ambaye haki zake za msingi zimevunjwa. Ibara ya 24 inakataza kutendewa kikatili na kudhalilishwa, na ibara ya 44 inasema katazo hilo halipunguzwi kwa hali yoyote. Lakini ni lazima yeye mwenyewe atake. Hakuna wakili mwenye maadili atakayembebea kesi ya mwili wake bila ridhaa yake, tayari ameshafanyiwa mengi bila kuelezwa.

---

Mwana wa Kibuli

Nimekuelewa. La ridhaa ndilo la kwanza.

Mwalimu wa Arua, ombi langu kwako: fungua uzi wa Ombaci peke yake. Wewe uko karibu, wazee waliokuwepo bado wapo.

---

Mwalimu wa Arua

Nitafungua. Kwanza nakwenda kuwaomba ruhusa wazee wenyewe, na majina ya walio hai sitayaweka bila wao kukubali. Mzee wa Bombo, nitakutumia ujumbe pembeni nikianza kuandika, unisomee kabla sijaweka.